Kipande Ambacho Hakikupigiwa Makofi

Juma lililopita tulimuzika rafiki yetu Prosper. Siku ya pili ya kilio, watu walikuwa wamechoka kulia na chai ilikuwa imefika, rafiki yetu Dodo akaanza kuchekesha watu juu yangu. Ni kazi yake toka zamani. "Munaona huyu muzee?" akasema, ananionyesha na kidole mbele ya watoto wa marehemu. "Huyu njo alitengeneza ordinateur, kompyuta ya kwanza ya michezo pale kwetu Kasha, na alikuwa hajue kusoma! Alishika karatasi ya pièces, vipande vyake, kichwa chini, akatuambia: iko sawa!" Watoto wa Prosper wakacheka, wakafuta machozi, wakacheka tena. Na mimi nikacheka. Hadithi ile nimeicheka zaidi ya miaka makumi mbili, ku harusi, ku ubatizo, ku kilio za watu wengine, na kila mara nilikuwa ninamuangalia Prosper, na kila mara Prosper alikuwa anaangalia viatu vyake. Safari hii hakukuwa mutu wa kuangalia viatu. Nilirudi nyumbani, nikamuambia muke wangu sitaki kula, nikatafuta cahier, daftari la kuandikia. Yeye akasema mutu asiyekula ndiye anayefuata kuzikwa, akaniletea viazi na samaki wadogo wa sambaza, nikala. Sasa ninaandika.

Ilikuwa vita ya pili ya kwetu. Mwaka gani sawasawa, waulize waliosoma. Mimi ninaupima kwa njia: njia ya Kamituga ilikuwa haipitiki na gari, njia ya bonde la Ruzizi ilikuwa inafunguka siku mbili na kufungwa tatu. Watu wanafikiri wakati wa vita mutu anakaa anatetemeka toka asubuhi. Hapana. Mutu anatetemeka saa moja, halafu anatafuta chumvi. Mimi nilikuwa kijana, nilikuwa fundi wa radio, na niseme kweli, sikuwahi kuwa na kazi mingi kama mwaka ule. Kila nyumba ilitaka habari. Wengine walileta radio zao zimefungwa ndani ya kitambaa kama mutoto mugonjwa. Meza yangu ilikuwa kando ya njia, na pua yangu ilikuwa mwalimu wangu: nilijua transfo iliyoungua kabla mwenyewe hajafungua kitambaa. Shule niliacha ku mwaka wa tatu wa primaire. Namba nilizijua vizuri, volts, watts, ampères, maana namba ndizo zinaua mutu katika kazi yetu. Herufi zilinipita. Nilikuwa ninatambua jina langu, Mugisho, kama mutu anavyotambua mbuzi wake kati ya mbuzi za wengine, lakini usiniulize herufi gani ni gani.

Rafiki yangu wa karibu alikuwa Byamungu. Usine, kiwanda alimokuwa anafanya kazi, ilifungwa, akawa anabeba mifuko kule ku port, bandarini, na mugongo wake ulikuwa umeanza kukataa. Kaka yake mukubwa alikuwa ameenda Kamituga kuchimba zahabu. Zilikuja barua mbili, halafu kimya. Byamungu alikuwa anataka kumufuata. Si kwa kumutafuta, hapana, kwa kuchimba na yeye. Kulikuwa kikundi cha vijana waliokuwa wanaenda kwa miguu, kupitia pori, na kati ya wale wa kwanza nusu hatukusikia tena jina lao. Lakini siku moja Byamungu alishuka Bujumbura na mizigo ya mutu, akaona kule chumba kimoja ambamo vijana wanalipa ili wacheze mupira ndani ya ordinateur, wengine wamesimama mulangoni wanangoja zamu. Akarudi na macho mapya. "Mugisho," akaniambia, "tukipata mashine moja tu kama ile, mimi siende tena Kamituga. Ninakaa mu chumba ya maman, ninafungua mulango asubuhi, ninafunga mangaribi. Basi." Nikamuuliza kama haitapatikana? Akasema, "Haitapatikana, naenda. Mbele ya Noeli niko kule."

Chumba cha mama yake ninakiona mpaka leo. Maman Vumilia alikuwa na sakafu ya ciment nyekundu aliyokuwa anaipaka cire, nta ya kung'arisha, kila siku ya posho, Jumamosi, mpaka wageni walikuwa wanatembea kama watu walio juu ya barafu. Dirisha mbili, moja na kioo, moja na ubao. Viti vyenye vitambaa vyeupe vya kusuka, ambavyo hakuna mutu aliruhusiwa kuviegemea, na hivyo tulikuwa tunakaa wote wima kama mashahidi mbele ya juge. Harufu ya sambaza zilizokauka ilikuwa inatoka ku jikoni, na mvua ikipiga mabati ilibidi kusema kwa kelele. Huko ndiko tulifanya mukutano wetu wa kwanza, watu wane: Byamungu, mimi, Dodo, aliyekuwa chauffeur, dereva wa shirika moja la misaada na ambaye alijua kila kitu kinachotupwa ku bureau za wazungu, na Prosper. Prosper alikuwa mwanafunzi ku université, kijana mwembamba mwenye bic mbili za kuandikia mu mufuko wa shati, ya bluu na nyekundu. Tante yake, shangazi, alikuwa anafanya biashara, anafika mpaka Dubai. Siku ile tulikula muchele ya Luberizi, ambako ndugu ya Maman Vumilia alikuwa analima, na maharagi. Muchele ule wa bonde una utamu wake, sijui ni maji, sijui ni nini. Hata leo ninanunua wa duka na ninausikitikia.

Prosper alikuwa na gazeti la kifaransa lenye picha za ordinateur, akatusomea. Kuna carte mère, ubao ambao vyote vinasimama juu yake. Kuna processeur, kichwa kinachofikiri. Kuna barrette ya mémoire, inayoshika kumbukumbu. Kuna carte graphique, inayochora picha za muchezo. Alikuwa anasoma na anaandika ku karatasi. Nikanyoosha mukono. "Muanze na alimentation," nikasema, maana nilikuwa nimeona picha yake, kisanduku cha chuma chenye ventilateur ya kupuliza upepo, kile kinachopokea courant, umeme wa ukuta, na kulisha vyote vingine. "Muchague mwenye kulisha, halafu njo muhesabu midomo."

Prosper akacheka, si kwa ubaya. "Fundi, ordinateur haiko radio, bana."

"Byote binakulaka courant."

"Hii ni informatique. Kazi yote iko ku carte graphique. Andika mu kichwa yako: carte graphique njo bwana wa nyumba."

"Bwana wa nyumba naye anakulaka," nikasema.

Dodo akapiga goti lake. "Eh, Fundi! Boîtier, ile sanduku yake niliyoona kule bureau, iko na alimentation yake ndani. Ya bure! Tunatafuta nini ingine?" Nikamuuliza ni watts ngapi. Dodo akasema watts haiko shida yake, shida yake ni kuipakiza mu gari bila chef kuona, ingawa yule chef mwenyewe alikuwa ameisha kusema waitupe. Halafu Prosper akanisukumia karatasi juu ya meza. "Basi wewe ni fundi, soma, utuambie kama kuko kitu ingine inakosa." Aliniheshimu kwa kufanya vile, nataka mujue. Hakujua. Nikashika karatasi. Niliona namba pale, sitini na ine kwa barrette, na namba zingine, na mbele ya namba michirizi ya bluu kama njia za siafu. Wote watatu walikuwa wananiangalia, na Maman Vumilia alikuwa amesimama mulangoni na sahani. Nikasema: "Iko sawa." Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

La pili ni hili. Kwetu, zawadi ya harusi haitolewi kimya. Kuna mutu anashika micro, kipaza sauti, anaita jina lako na kitu ulicholeta, na watu wanapiga makofi kadiri ya kitu. Kwa hiyo unaona harusi inapata sufuria kubwa kumi na mbili, matelas sita za kulalia, na hakuna aliyeleta makaa ya kupikia, maana nani atapigiwa makofi kwa mufuko wa makaa? Na kitu kikiisha kuitwa mbele ya watu, hakirudi. Ukimurudishia mutu zawadi yake, umemuvua nguo. Sisi ordinateur yetu tuliifanya vile vile. Tulichagua siku ya posho, muchana, saa ambazo courant ilikuwa na huruma, majirani wakaingia wakajaza chumba, na Dodo akashika mwiko wa Maman Vumilia kama micro.

"Byamungu! Analeta carte mère na processeur yake!" Makofi. Byamungu alikuwa amebadilisha kinga yake, baiskeli, kule Bujumbura, ile kinga nyekundu aliyokuwa anaipangusa kuliko uso wake. Alirudi kwa miguu toka ku bus na kadudu kale ndani ya mufuko wa sabuni. "Dodo mwenyewe, Dodo muzuri wa sura! Analeta boîtier, na écran ya kuangalia, na barrette, na souris, panya yenye mukia!" Makofi na vicheko. "Fundi Mugisho!" Mimi nilileta disque dur niliyoifufua, kifaa cha kuhifadhi muchezo, na stabilisateur ya kutuliza courant niliyotengeneza na mikono yangu. Niitaje hapa, maana ninajifunua: juma mbili nilikuwa ninatengeneza kisanduku chake cha mbao, nikakipaka rangi, nikaweka taa nyekundu mbele na taa ya kijani. Taa hazikuwa na kazi. Na katika juma hizo mbili nilipita mara mbili mbele ya duka moja la mutaa wa Kadutu ambamo kulikuwa alimentation nono, ya kijivu, mubaya wa sura, namba trois cent, watts mia tatu, imeandikwa mugongoni. Nikaiangalia, nikapita. Mimi pia nilitaka makofi.

Halafu Prosper. Akaingia wa mwisho, tante yake nyuma yake amevaa pagne, kitenge chake cha kutoka. Alikuwa amebeba carte graphique ndani ya carton yake, na juu ya carton picha ya joka anayetapika moto. Watu hawakupiga makofi tu, walipiga kelele. Wamaman walipiga vigelegele, mimi ninasema kweli, kwa kipande cha ubao chenye ventilateur. Tante akainua mukono kama mutu anayebariki. "Ni ya nguvu kuliko yote iliyokuwa kule Dubai," akasema. "Nilimuambia mwenye duka: unipe ile inayoogopesha."

Nikafunga vis, skrubu ya mwisho, nikawasha. Sikieni, iliwaka. Nyota zikapita ku écran, Dodo akaimba, Byamungu akanishika shingo. Tukafungua muchezo wa mupira. Majani ya kijani, wachezaji wakaingia, arbitre akapiga filimbi, Prosper akatoa passe ya kwanza, na giza. Nikawasha tena. Nyota, majani, filimbi, giza. Mara ya tatu mupira ulifika mpaka katikati ya kiwanja. Nikaweka mukono juu ya alimentation ya bure ya Dodo, ilikuwa inaunguza kama sahani ya bukari, ugali wa moto. Nikapindua kichwa nikasoma namba yake: cent quarante-cinq, mia moja makumi ine na tano. Hapo niliona yote. Ordinateur ni kama watu wane wanaobeba mugonjwa ku kipoyi, machela, kwenye mulima wetu. Ukiweka mbele mutu murefu mwenye nguvu na nyuma watu wafupi, mugonjwa anateleza anaanguka, na murefu hana kosa, anatembea tu kama alivyoumbwa. Carte ya Prosper ilikuwa inakimbia. Processeur ya Byamungu inahema nyuma yake. Barrette moja tu, haina pumzi. Na mwenye kulisha wote alikuwa amefika mwisho wa sufuria.

Lakini nani aliniuliza? Wao walikuwa tayari ku vita. Prosper akasema carte mère ni ya kuokota. Byamungu, aliyetoa kinga yake, akasimama. "Rudia." Dodo akasema labda joka limekula mashine. Tante akasema yeye hajawahi kuleta kitu kibovu, waulize muji wote. Prosper akasema mbele ya wote, "Siye bote tunajua nani alileta kitu ya maana hapa," na Byamungu akamushika shati, bic zikaanguka. Majirani walitoka mumoja mumoja, kama wanavyotoka watu ku nyumba ambamo sahani imevunjika. Byamungu akakaa chini juu ya sakafu nyekundu. Hakuwa na hasira tena, na hiyo ndiyo iliniogopesha. "Batu ba Kamituga banatoka kesho kutwa, lundi," akasema. "Ninaenda na bo."

Nikaingia jikoni kutafuta maji. Maman Vumilia alikuwa anasonga bukari juu ya mbabula, jiko la makaa, na alikuwa anaisonga kwa nguvu kuliko bukari ilivyotaka. Hakugeuka.

"Mugisho, uniambie kweli. Ile kintu inakufaka juu ya nini?"

"Njaa, maman. Carte ya Prosper ni kubwa, alimentation ni kadogo."

"Na dawa yake?"

"Tante arudishe carte, wamupe ya katikati, na juu yake alimentation ya nguvu na barrette ya pili. Yote ilingane. Itatembea. Ninaapa itatembea."

"Basi uende ubaambie."

"Maman, carte iliitwa mbele ya batu. Na vigelegele walipiga. Nikimuambia Prosper airudishe, hatarudi hapa tena, na tante yake atatutukana mpaka ku parokia."

Akapindua bukari ku sahani, akailainisha na kijiko chenye maji, polepole, mpaka ikawa mviringo kama mutu angeiuza. "Kintu iliitwa mbele ya batu hairudi," akasema. "Najua. Mimi mwenyewe ninasemaka vile." Halafu akaniangalia. "Mwana wangu wa kwanza hakurudi, na yeye hakuna mutu alimuita mbele ya batu." Akanipa sahani nipeleke. Hakuna aliyekula siku ile. Sahani nzuri ya bukari, na sombe, majani ya muhogo yenye mawese, ilirudi jikoni kama ilivyotoka, na wenye kuishi wakati ule wanajua hilo ni jambo gani.

Siku ya mungu, Jumapili, wakati wa misa, sikusikia hata neno moja la padri. Nilikuwa ninahesabu. Prosper hawezi kusema amekosa, maana tante yuko nyuma yake. Tante hawezi, maana muji uko nyuma yake. Dodo hawezi kusema alimentation yake ni mubaya, ilikuwa ya bure, na mutu anaipenda sana heshima ya kitu cha bure. Byamungu hana nguvu ya kubembeleza mutu. Anabakia nani? Anabakia fundi. Kazi ya fundi ni jina lake. Ukitoa jina, inabakia tournevis, bisibisi tu. Na tena, jina langu nilikuwa nimeisha kulichafua mwenyewe, pale niliposema "iko sawa" kwa karatasi nisiyoisoma, na pale nilipopita mbele ya duka la Kadutu. Kwa hiyo sikuwa ninatoa kitu kisafi. Ninayasema haya ili musinifanye mutakatifu.

Baada ya misa niliwaita wote ku chumba cha Maman Vumilia, na tante, na majirani wale wale. Nikasimama katikati. Nikamuomba Prosper karatasi ya pièces. Akanipa, uso umefungwa. Nikaishika kichwa chini. Niliigeuza mwenyewe, polepole, ili wote waone, nikaanza kupitisha kidole juu yake kama mutu anayesoma. "Hapa," nikasema, "hapa nilipoona alimentation, niliona inatosha. Prosper aliniuliza, mimi nikajibu iko sawa. Lakini mimi sijue kusoma. Niliwadanganya wote. Carte ya Prosper haina kosa. Ni nzuri kupita mashine yetu, na mimi ndiye fundi nilipaswa kumuambia. Kosa ni yangu."

Halafu Dodo akainama, akaangalia karatasi, na cheko lake likapasuka kama mufuko wa maharagi. "Batu ba Mungu! Ameishika kichwa chini! Fundi! Kichwa chini!" Chumba chote kikaanguka kwa kicheko. Mutu mumoja alitoka inje kwenda kuwaambia wa njiani. Kuna maman ambaye radio yake ilikuwa ku meza yangu. Alisema, "Kesho ninakuja kuitwaa," na alikuja, na aliitwaa. Nilisimama pale ninatabasamu, masikio yanaunguza. Na nikaona mabega ya tante yanashuka. "Aaa," akasema, "kumbe ni fundi. Mimi nilikuwa ninasema! Mbona hamukusema toka jana? Mwenye duka ananijua, atabadilisha." Prosper hakucheka. Alikuwa ananiangalia sana, bic ya nyekundu mukononi. "Kama ni kosa ya fundi," akasema polepole, "basi haiko zawadi inarudi. Ni kosa inatengenezwa." Nikasema, "Njo vile." Nikamuambia tante kwa mudomo kitu cha kuleta, namba kwa namba, naye akazirudia kama rozari: carte ya katikati, isiyoogopesha; alimentation trois cent; barrette ya pili sawa na ya kwanza. Hakuna kikubwa, hakuna kidogo.

Byamungu aliacha watu wa Kamituga waende bila yeye. "Ninawapa nafasi moja," akatuambia, "mashine ikikufa tena, ninabafuata." Hatukujua tante atachukua siku ngapi, maana njia zilikuwa zinafungwa, na Maman Vumilia alikuwa anaangalia kila asubuhi mufuko wa mwanawe uliofungwa tayari nyuma ya mulango. Hakuufungua, hakuuondoa. Alikuwa anausogeza pembeni, anafagia, anaurudisha. Juma tatu zilipita. Mu juma zile nilikuwa na radio mbili tu ku meza. Watoto wa njiani walikuwa wananipitia wameshika vipande vya gazeti kichwa chini, "Fundi, iko sawa?" na mimi ninawajibu iko sawa.

Tante alifika siku ya mvua kubwa. Hakukuwa na mwiko, hakukuwa na majirani. Nilifunga kila kitu kimya, mabati yanapiga kelele juu yetu, nikawasha. Nyota, majani, filimbi. Prosper akatoa passe. Byamungu akapokea, akapoteza, akatukana kidogo, akaomba samahani kwa mama yake. Dakika kumi. Dakika makumi mbili. Mukono wangu ulikuwa juu ya alimentation kama mukono wa mama juu ya kipaji cha uso cha mutoto, na ilikuwa vuguvugu tu. Maman Vumilia akasogea, akafuta mikono ku pagne, akaangalia écran muda murefu. "Hawa batu banakimbia vile toka saa ile," akasema, "na hakuna mwenye anawapa maji?" Tulicheka mpaka tukaegemea vitambaa vyake vyeupe, na hakusema kitu. Halafu alienda nyuma ya mulango, akachukua ule mufuko, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzikunja upya. Byamungu alimuona. Aligeuza uso wake ku écran, akaendelea kucheza, na kwa ile partie ya mupira alifungwa mabao matano, maana hakuwa anaona kitu.

Alifungua mulango ule asubuhi na kuufunga mangaribi miaka mingi, sawa alivyosema. Kulikuwa siku ambazo muji ulikuwa umefungwa, risasi zinasikika upande wa chini, na vijana kumi na watano wamekaa juu ya sakafu nyekundu wanabishana kama ilikuwa hors-jeu, kuotea. Kazi yangu ilirudi kidogo kidogo. Radio haiulizi kama fundi anajua kusoma. Lakini jina lile la kichwa chini halikuondoka, na sikulitafutia dawa. Kama ningeanza kujitetea, kosa la carte lingerudi kuwa la Prosper.

Jambo la mwisho ni lile ambalo Dodo hajui. Juma moja baada ya mashine kutembea, Prosper alikuja ku meza yangu na ardoise, kibao cha mutoto wa shule, na kipande cha craie, chaki. "Fundi, haifai," akasema. "Utaanza leo." Nilitaka kukataa, nilifikiri ni mizaha yao. Hakuwa anacheka. Akakaa juu ya kiti cha wateja, akaandika a, akaandika e. Alikuja kila siku ya ine, Alhamisi, saa ambazo hakukuwa mutu, na alikuwa mwalimu mubaya, hana uvumilivu, anapiga meza. Ba, be, bi. Nilitokwa jasho kuliko mutu anayebeba mifuko ku port. Hakuniuliza hata mara moja juu ya siku ile ya mungu. Lakini Prosper alikuwa amekaa kando ya meza yangu mwaka mzima kabla ya hapo. Aliniona kila siku nikisoma namba ku mugongo wa radio, volts na watts, bila kukosea. Mutu anayejua namba hawezi kushika kichwa chini karatasi yenye namba. Mimi nilikuwa nimefikiria wote siku ile, na hilo sikulifikiria.

Nilipoisha kushika silabi zote, akasema leo ni phrase, sentensi nzima. Akaandika, mugongo wake umenigeukia, craie inalia. Akaweka ardoise juu ya meza kati ya radio mbili zilizofunguliwa, yeye akaangalia njiani. Nikaweka kidole. "Fu-ndi," nikasoma. "Fundi. A-li. Ali-se. Alise-ma." Kidole kikaenda ku neno la mwisho. "Kwe. Kweli." Nikakumbuka nilivyosema siku ya kwanza: muanze na alimentation.

"Soma tena," Prosper akasema, bado anaangalia njiani. "Na sauti ndogo."

Nikasoma tena na sauti ndogo. Byamungu alikuwa anapanda kilima kuja kwetu, anaimba, na Prosper akavuta ardoise, akaifuta na kiganja chake.